Saumu ya Sultani

Fundi Bahgat Sidhum hakula mkate kabla ya kuupima kwanza kiganjani. Aliutuliza hapo, akafumba jicho moja, kisha akasema, “Huu umepunjwa,” au, mara chache sana, “Haya, leo mwokaji kamwogopa Mungu.” Mkewe Nargis alikuwa ameshazoea. Aliendelea kumimina chai.

Mimi naitwa Gabir, mpiga pasi. Kibanda changu kiko chini ya ngazi za jengo lao pale Karmuz, na nguo za jengo zima hupita mikononi mwangu, na habari zao pia. Kwa hiyo nikikuambia kwamba Fundi Bahgat hakumwamini mtu yeyote chini ya jua, simsengenyi. Kazi ndiyo iliyomfanya hivyo. Miaka arobaini alitengeneza na kukagua mizani katika masoko ya Aleksandria, na katika miaka hiyo alikuta sumaku chini ya sahani, waya uliofungwa kwenye mkono wa mizani, mawe ya kilo yaliyotobolewa tumboni. Akajifunza jambo moja, na hilo moja likamtosha: palipo na mtu, pana mkono chini ya meza.

Hata Haji Mitwalli, aliyekaa ghorofa ya juu kabisa na kufuga njiwa kwenye paa, alipata kuonja ukali wake. Zamani Haji alikuwa na duka la vyakula mtaani kwetu. Siku moja, duka limejaa wanawake, Fundi Bahgat aliipindua sahani ya mizani yake akabandua donge la risasi lenye ukubwa wa punje ya haragwe. Haji aliapa kwamba si yeye, ni mfanyakazi wake. Fundi akasema tu, “Mfanyakazi hana faida na haragwe hili.” Tangu siku hiyo, miaka ishirini, salamu zao ngazini zilikuwa za kutoka puani.

Sasa, mtu wa namna hii ndiye aliyeachiwa nyoka.

Nyoka alikuwa wa Irini, binti yao wa pekee. Alimnunua akiwa chuo kikuu, chatu mdogo wa Afrika Magharibi, wa aina ile isiyokua ndefu na inayojikunja kama mpira ikiogopa. Alimpa jina la Sultani kwa sababu muuzaji alisema ni dume. Irini alikuwa na daftari. Kila Ijumaa alimpima, akaandika uzito, alichokula, siku aliyojivua gamba. Mwaka wa kwanza Sultani alitoka gramu tisini, mwembamba kama penseli, akafika mia sita. Wa pili akapita kilo moja. Baada ya hapo akawa anaongezeka polepole, kama mtu aliyekwisha kuoa.

Mwezi wa Oktoba Irini aliolewa, akaenda Dammam alikokuwa akifanya kazi mumewe. Nyoka hakuruhusiwa kupanda ndege. Kwanza alikaa kwa Hilana, rafiki yake wa chuo, ambaye anafuga nyoka wanne wake mwenyewe. Ilipofika Januari, Hilana akahamia nyumba ndogo, akaja na Sultani ndani ya foronya, sanduku la kioo likiwa kwenye teksi.

“Ami Bahgat,” alisema Hilana, “panya mmoja kila baada ya wiki mbili, chumba kiwe na joto, basi.”

“Na huko kwako alikuwa anakula?” Fundi aliuliza.

“Alikuwa anakula kama mwendawazimu, ami.”

“Mbona wewe umekonda?”

Hilana alicheka akidhani ni utani.

Fundi Bahgat alisema hatamgusa nyoka. Alisema hivyo jioni. Ijumaa ya kwanza, asubuhi, tayari alikuwa ameteremsha mizani yake nzuri kuliko zote, ile ya shaba aliyokuwa akiitumia kukagulia mizani za wengine, na amemweka Sultani kwenye beseni la plastiki. Gramu elfu moja mia saba thelathini na tano. Akafungua daftari la bintiye kulinganisha, akakuta jambo lililomtia shaka: majira ya baridi ya mwaka uliopita palikuwa na wiki kumi na moja ambazo safu ya chakula ilikuwa tupu, lakini uzito haukubadilika ila kidogo sana. Akachukua kalamu nyekundu akachora alama ya kuuliza pembeni.

“Binti yako alikuwa anabuni tarakimu,” alimwambia Nargis.

“Binti yangu peke yangu?”

Sultani alikula panya mmoja mwezi wa Januari. Wa pili akamwangalia, akamgeuzia kichwa, akaingia chini ya kipande chake cha gome. Wiki iliyofuata vivyo hivyo. Nje dhoruba za baridi zilikuwa zinapita moja baada ya nyingine, kila moja na jina lake, maji yakafurika hadi kwenye kizingiti changu. Fundi alichukua hita ya umeme, ya pekee pale nyumbani, akaiweka chumbani mwa nyoka. Bado hakula.

Kwanza alimshuku muuza panya wa soko la Ijumaa. Panya wamelishwa sumu, alisema. Akaenda kwa mwingine, mbali kabisa, huko karibu na mfereji. Sultani akakataa na wale. Irini alipopiga simu, Fundi alisema, “Anakula vizuri, mwanangu.” Hakutaka aambiwe amemuua nyoka wa watu. Kama angesema kweli siku ile, hadithi yangu ingeishia hapa.

Mwisho wa Februari Wakristo wa jengo letu wakaanza saumu kubwa, ile ya siku hamsini na tano, hawali nyama wala maziwa wala mayai. Nargis aliteremka na mashuka ya kupigwa pasi, nikamuuliza habari za mgeni wao.

“Ameanza saumu kabla yetu, Gabir,” alinijibu. “Na sisi angalau tunakula maharage. Yule ni mtawa.”

“Basi mpelekeni jangwani, kwenye monasteri.”

“Huyo? Angewamaliza watawa.”

Tulicheka, na nilimwona akishika ukuta wakati wa kupanda. Magoti yake yalikuwa yanamsumbua kila baridi.

Mwezi wa Machi makinda ya njiwa yakaanza kupotea juu ya paa. Haji Mitwalli alikuwa na jozi nzuri, zilizotaga mapema, na kila baada ya siku chache alikuta kiota kimoja kitupu. Alimshuku paka, kisha kunguru. Halafu siku moja alipokuwa akishuka, mlango wa Fundi ukiwa wazi, akamwona Sultani mikononi mwa Fundi akitolewa kwenye beseni. Akasimama palepale.

Asubuhi iliyofuata sauti yake ilijaza ngazi zote.

“Fundi! Makinda yangu sita!”

Fundi alitoka na fulana. “Nimekuwa mlinzi wa njiwa zako lini?”

“Wewe sikutaji. Namtaja huyo mdudu wako.”

“Sultani hajala tangu Januari.”

“Hajala!” Haji alipiga makofi. “Jamani, hajala, na ana kitambi kunishinda mimi! Nimemwona kwa macho yangu. Kuanzia kiunoni kwenda chini amejaa kama mto wa sufi.”

“Nyoka hana kiuno.”

“Na wewe huna haya!”

Watu walikuwa wamekwisha kutokeza milangoni. Nami niliacha pasi yangu nikapanda. Fundi Bahgat akafanya kitu alichokifanya maisha yake yote: akaleta mizani. Aliitua juu ya meza pale mlangoni, akampima Sultani mbele yetu sote, na daftari akalifungua.

“Someni wenyewe. Januari, elfu moja mia saba thelathini na tano. Leo, elfu moja mia saba na ishirini. Amepungua. Anayekula makinda sita hapungui.”

Haji alikodoa macho kwenye mizani, akageuka kututazama.

“Gramu kumi na tano,” alisema taratibu. “Miezi miwili hajala, kapungua gramu kumi na tano. Mimi nikikosa kifungua kinywa tu suruali inanidondoka. Ama mnyama huyu analishwa, ama mizani hiyo ina haragwe chini yake.”

Sijapata kumwona Fundi akigeuka rangi vile. Alileta mawe yake ya shaba, yale yanayokaa ndani ya kisanduku cha mahameli, akayaweka moja moja. Mizani ilikuwa sawa hadi gramu ya mwisho. Haji akapandisha mabega akaenda zake. Lakini Fundi alibaki amesimama akiitazama ile sindano, nami nilijua linalopita kichwani mwake. Mizani haidanganyi. Basi nyoka analishwa. Na kama si yeye anayemlisha, ni nani mwingine mwenye ufunguo?

Kuanzia hapo akawa anachunga nyumba yake mwenyewe. Alikuwa na kajiduka kadogo ka kutengeneza mizani pale nyuma ya kituo cha tramu. Akawa anarudi saa zisizo zake. Siku moja, chini ya dirisha la chumba cha nyoka, lile dogo linalotazama kwenye ule uwazi wa katikati ya jengo unaopitisha hewa na mabomba, alikuta manyoya. Matatu, laini, ya kinda. Akayafunga kwenye karatasi akayatia mfukoni.

Wiki ya mwisho kabla ya Pasaka alinijia kibandani.

“Gabir, panda juu uwe shahidi.”

“Shahidi wa nini, fundi?”

“Panda.”

Alikuwa amemwaga unga sakafuni mwa kile chumba kabla ya kwenda dukani, mwembamba, kama wa kusukumia maandazi. Alinionyesha tukiwa mlangoni, tusije tukaukanyaga. Nyayo za kandambili za Nargis zilikuwa wazi: zimeingia, zimekwenda hadi kwenye kiti kilichokuwa karibu na hita, zimetoka. Zimeingia tena, zimetoka.

“Mara mbili kwa asubuhi moja,” alisema. “Mwanamke aliyeniapia kwamba hawezi hata kumtazama.”

“Na zile?” Niliuliza. Chini ya dirisha palikuwa na alama nyingine, ndogo, za vidole vitano vitano, kama mtu amebonyeza kwa ncha za kalamu.

“Za paka,” alisema bila kutazama. Macho yake yalikuwa kwenye kandambili.

Nargis alitoka jikoni, mikono ina maji. Aliona unga, akaona mimi, akaona mumewe ameshika kile kikaratasi cha manyoya mkononi.

“Unamlisha makinda ya Mitwalli,” Fundi alisema. “Anakupa nani? Yeye mwenyewe? Mmepanga kunifanya mwizi mbele ya jengo zima kwa sababu ya lile haragwe?”

“Bahgat.”

“Niambie ulikuwa unafanya nini humu ndani.”

Nargis alinitazama mimi kwanza. Nikataka ardhi inimeze. Kisha akasema, “Miaka thelathini na nne. Umeniwekea unga kama panya.” Alikausha mikono, akavaa koti lake jeusi, akachukua mkoba, akateremka ngazi akishika ukuta, hatua moja moja. Alikwenda kwa dada yake, mtaa wa Muharam Bey.

Fundi hakumfuata. Alidhani atarudi Alhamisi, akadhani atarudi Ijumaa Kuu. Jumapili ya Pasaka nilimwona akirudi kutoka kanisani peke yake, suti yake niliipiga pasi mimi mwenyewe. Nikamwambia heri ya sikukuu. Akanijibu, “Na kwako,” akapanda. Hapakutoka harufu yoyote ya chakula ghorofa ile, siku ambayo kila jiko la Mkristo mtaani linakaanga nyama.

Siku iliyofuata ni ile sikukuu ya Jumatatu ya kunusa upepo wa masika, ambayo ni yetu sote, Waislamu na Wakristo. Jengo lilikuwa nusu tupu, watu wameshakwenda ufukweni na samaki wao wa chumvi na vitunguu vya majani na mayai yaliyopakwa rangi. Mimi nilibaki na mzigo wa mashati. Mnamo saa nne nikasikia naitwa, si kwa sauti ya kushtaki mtu. Sauti imepanda juu kama ya kijana.

“Gabir! Gabir! Njoo!”

Nilimkuta amepiga magoti mbele ya sanduku la kioo. Sultani alikuwa amejizungusha mviringo, kichwa juu, na kati ya mikunjo yake niliona weupe. Mayai. Makubwa kama ya bata, marefu kidogo, yamegandana pamoja.

“Nani ameyatia humu?” Fundi aliuliza.

Naapa hilo ndilo lilikuwa swali lake la kwanza. Siku ile jiji zima lina mayai mikononi, akadhani ni utani wa Mitwalli.

“Fundi,” nilisema, “hayo si ya kununua.”

Alimpigia Irini. Aliweka simu wazi, na kwa mara ya kwanza alimweleza yote: tangu Januari hajala, panya wa soko hili na lile, uzito, kitambi. Halafu Irini akaanza kucheka, kicheko kikageuka kama kilio.

“Baba! Sultani ni jike!”

“Muuzaji alisema dume.”

“Na wewe ulimwamini muuzaji? Wewe?” Alivuta pumzi. “Hilana alimweka sanduku moja na chatu wake alipokosa nafasi, Novemba. Alidhani wote madume. Ndiyo maana alikula sana huko, alikuwa anajiandaa. Wakiwa na mimba hawali, baba.”

“Na mwaka jana? Wiki kumi na moja umeacha tupu.”

“Mwaka jana alikuwa hataki tu. Ni baridi. Hata ukimwekea joto ndani, anajua nje ni majira gani, anafunga kinywa mpaka hali ya hewa igeuke. Wengi wao ndivyo walivyo. Na hawapungui, kwa sababu hawafanyi kitu, wamelala tu. Mbona hukuniambia?”

Fundi alikuwa amelifungua daftari pale penye alama yake nyekundu.

“Mpe mama,” Irini alisema.

“Mama hayupo.”

“Yuko wapi siku ya leo?”

Hapo ndipo Fundi aliponiomba nitoke nje, nami nilitoka. Lakini kabla sijafika kibandani nilipanda kwanza juu ya paa. Haji Mitwalli alikuwa akibadilisha maji ya njiwa. Nilimweleza habari za mayai, na nikamweleza zile alama ndogo za vidole vitano kwenye unga, chini ya dirisha la ule uwazi. Haji alikuna ndevu, akainama kwenye ukingo akatazama chini, mabomba yanakoteremka.

“Kicheche,” alisema. “Alama ya paka ina vidole vinne. Huyu anapanda kwa bomba. Harufu ya panya wa yule nyoka ndiyo iliyomleta.” Akafikiri. “Kwa hiyo bado ni kosa la Bahgat.”

Siku ya tatu mtego wa Haji ulinasa kicheche mmoja mwekundu, mkali. Kama alikuwa peke yake, sijui. Makinda yalipungua kupotea, hayakuacha kabisa, na mpaka leo Haji akipoteza kinda hutazama kwanza mlango wa Fundi, ghorofa ya tatu.

Habari za Muharam Bey nilizipata kwa Nargis mwenyewe, baadaye, akisubiri pazia zake. Fundi alifika mchana ule ule wa Jumatatu, amevaa suti ile ile ya Pasaka. Dada mtu alimkaribisha kwa macho tu. Akakaa, akaulizia afya za wote, akanywa chai, akasifu chai. Mwisho akasema:

“Ametaga. Sita.”

“Nimesikia. Irini kanipigia.”

“Nargis, sikuja kukuuliza.”

“Hapana, uliza,” alimwambia. “Miezi mitatu hukuuliza, ukamwaga unga. Uliza sasa.”

Akauliza. Ulikuwa unafanya nini mle ndani?

“Nilikuwa napasha magoti moto. Nyumba ina hita moja, na umempa nyoka. Nilikuwa nakaa naye nusu saa, ukiondoka. Namgeuzia mgongo nisimwone, najipasha, natoka.”

Nargis alisema kwamba Fundi alikaa muda mrefu akiyatazama magoti ya mkewe, kana kwamba hajawahi kuyaona. “Ungeniambia,” akasema.

“Wewe ungeniona nashika ukuta.”

Hakurudi naye siku ile. Alirudi Alhamisi, kwa miguu yake, akakuta hita ya pili iko chumbani kwao, ingawa joto lilikuwa limekwisha kuingia na haikuwa na kazi tena mpaka baridi ijayo. Aliniambia hajamsamehe bado, lakini mkate anaoula mtu peke yake una ladha mbaya, na yeye pia alikuwa amechoka na mapishi ya dada yake.

Sultani aliyakumbatia mayai yake miezi miwili bila kuonja kitu. Siku Fundi alipompima baada ya kutaga, alikuwa amebaki gramu elfu moja mia moja na hamsini, ngozi imelegea ubavuni. Mayai manne yalianguliwa mwishoni mwa Juni, mawili yalioza. Watoto walikuwa na gramu sitini sitini, na hawakutaka chakula mpaka walipojivua gamba la kwanza. Baada ya hapo walivamia vijipanya kama watu waliotoka gerezani. Mama yao naye alikula panya wawili siku moja, akatafuta wa tatu.

Hilana alikuja kuwachukua watoto mwezi wa Agosti, wakiwa wamekua karibu mara mbili. Fundi aliwahesabu wakati wa kuwatia kwenye mfuko, akawahesabu tena mlangoni.

“Ami, ni wale wale wanne,” Hilana alisema.

“Najua.”

“Basi niachie mfuko.”

Nargis alikuwa ameketi kwenye kiti chake, safari hii ameelekeza uso kwa lile sanduku la kioo. “Bahgat,” alisema, “mwachie binti wa watu aende.”

Akauachia.